Mwenda Kwao: Nyumba ya Mke wa Mpiganaji katika Masimulizi ya Usambara

Fasihi yetu ya vita ni tajiri. Tunazo tenzi, habari za watawala, tamthilia na riwaya zinazosimulia mapigano yaliyotokea katika nchi hii tangu zama za watemi na mazumbe hadi vita vikuu viwili vya dunia. Katika maandishi hayo twajifunza nani alishika bunduki, nani alikimbia, nani alinyongwa, na mji upi uliteketezwa kwa moto. Lakini liko swali moja ambalo sisi wahakiki hatujaliuliza vya kutosha, wala hatujawafundisha wanafunzi wetu kuliuliza: usiku ule mpiganaji alipoondoka, mke wake na watoto walilala katika nyumba ya nani?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya mizinga na mashujaa. Hata hivyo, jamii yoyote ipiganayo vita huweka mke na watoto wa mpiganaji mahali fulani, na mahali hapo hutuambia mengi kuhusu jamii hiyo kuliko nyimbo za sifa. Katika makala haya tunakusudia kulipeleka swali hilo kwenye maandishi machache yanayojulikana, tukianzia milima ya Usambara. Tutajaribu kuonyesha kwamba masimulizi ya kale ya Usambara, ijapokuwa yaliandikwa kwa kuwatukuza wanaume, yanaiweka nyumba ya mama kuwa nguzo ya historia. Na kwamba biashara ya bunduki, kisha majeshi ya kikoloni, viliivunja nguzo hiyo kwa namna ambayo fasihi yetu bado haijaieleza inavyostahili.

Tuanze na Bulwa, iliyoko Usambara ya Mashariki, jirani na Amani. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walikata misitu ya sehemu hizo, Bulwa na Derema zikiwamo, wakapanda kahawa. Kahawa haikustawi kama walivyotumaini, na baadaye milima ile ikawa milima ya chai. Pamoja na mashamba hayo zilikuja nyumba za aina mpya, yaani nyumba za kambi, zilizopangwa kwa safu. Mtu alipewa chumba kwa sababu anafanya kazi. Kazi ikikoma, na chumba kimekoma. Mkewe na watoto walikaa humo kwa jina lake. Hapakuwa na kaburi la babu nyuma ya nyumba wala mgomba uliopandwa na mama mkwe.

Nyumba ya Kisambaa ya zamani ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa msonge uliozungukwa na migomba, na kila mke alikuwa na wake. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960, ameeleza jinsi mume alivyogawa mashamba na mifugo kwa kila nyumba, na jinsi watoto walivyorithi kupitia nyumba ya mama yao. Kwa hiyo neno nyumba halikuwa na maana ya kuta na paa tu. Lilikuwa jina la mama pamoja na wanawe, shamba lao, na haki yao ya kesho. Msomaji akizingatia tofauti hii baina ya nyumba ya ukoo na nyumba ya kazi, ataweza kuyasoma upya masimulizi ya vita tutakayoyataja.

Kitabu cha kwanza ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Mwandishi huyu aliishi Usambara akawa karani wa Semboja, mmoja wa wana wa Mfalme Kimweri. Habari zake zilichapwa na wamisionari kwa sehemu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na katika miaka ya 1960 zikatolewa tena mjini Nairobi na J.W.T. Allen. Kwa kawaida kitabu hiki hufundishwa kama habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akiwa amenyimwa urithi na jamaa zake, akaingia Usambara na mbwa wake na mkuki wake, akaua nguruwe na simba, akafanywa mfalme Vugha.

Tukikisoma kwa swali letu, twaona habari nyingine. Mbegha mwenyewe ni mtu asiye na nyumba. Amefukuzwa kwao, analala mapangoni na maporini, na nyama anayogawa ndiyo njia yake ya kupata mwenyeji. Hakuwa askari, lakini maisha yake yalikuwa ya mtu wa silaha: leo yuko hapa, kesho kule. Anapopewa mke Bumbuli, mambo yanageuka. Mke huyo anayo nyumba, anao kaka, anao mji. Mwanawe Buge alilelewa kwa wajomba zake, akatawala Bumbuli kwanza, na kutoka huko ndipo alipokuja kukalia kiti cha baba yake Vugha. Utawala wa Wakilindi, ambao kitabu kinausifu kama kazi ya mwindaji hodari, ulipita katika mlango wa mwanamke wa Bumbuli. Mume alileta mkuki. Mke alileta mahali.

Wahenga walisema, mwenda kwao si mtumwa. Methali hii hutumiwa leo kumtuliza mtu anayerudi nyumbani mikono mitupu. Katika karne ya 19 ilikuwa na maana nzito zaidi, kwa sababu watu walikuwa wakiuzwa kweli. Mtu mwenye kwao alikuwa na jamaa wa kumdai na kumkomboa. Mtu asiye na kwao aliweza kukamatwa njiani akapelekwa pwani. Mama wa Buge alikuwa na kwao, na kwa sababu hiyo mwanawe hakuwa mtoto wa mgeni mpita njia, bali mpwa wa watu wa Bumbuli.

Hatusemi kwamba utaratibu huo ulikuwa mwema kwa kila mtu. Lazima mhakiki ajihadhari na tabia ya kuupaka asali wakati uliopita. Wakilindi waliutumia mpango huu wa nyumba kutawala. Mfalme alioa katika kila upande wa nchi, na wana aliowazaa waliwekwa kutawala sehemu mbalimbali. Kimweri, aliyetawala kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1862, anajulikana kwa jina la Kimweri ye Nyumbai, na katika jina hilo neno nyumba linasikika wazi. Alipokufa, mtandao huo wa nyumba uliogeuza ukoo kuwa dola ukawa chanzo cha mgawanyiko. Kila mtoto wa mfalme alikuwa na mji wake na watu wake wa kumpigania.

Vita vya ndugu vilivyofuata ndivyo sehemu yenye uchungu kuliko zote katika Habari za Wakilindi. Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara. Huko alipata bunduki na baruti. Alimshinda Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, na mapigano yakaendelea, huku jamaa wa Shekulwavu wakishika upande wa mashariki wa milima, hadi Wajerumani walipoiteka nchi. Wabondei nao waliasi wakawafukuza na kuwaua Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Uasi huo unakumbukwa kwa jina la Kiva.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama. Abdallah bin Hemedi anatuhesabia miji na majina ya wakuu, kwani yeye alikuwa karani, na tena karani wa upande mmoja. Lakini bunduki zile zilinunuliwa kwa nini? Pembe za ndovu zililipa baadhi. Nyingine zililipwa kwa watu. Mateka waliteremshwa pwani wakabadilishwa kwa silaha, na wengi wa mateka hao walikuwa wanawake na watoto. Maana yake ni kwamba bunduki iliyochukuliwa vitani huenda ilitokana na nyumba iliyovunjwa katika vita vya kabla yake. Mke wa mpiganaji aliyeshindwa hakuachwa mjane nyumbani kwake. Yeye mwenyewe aligeuka bei ya silaha za mshindi. Methali yetu ilipinduliwa, kwa kuwa hata aliyekuwa na kwao alikuta kwao kumechomwa na jamaa wa kumdai wametawanyika. Kitabu kinazo habari hizi, lakini zimetawanyika kati ya majina ya wafalme. Ni juu ya msomaji kuzikusanya.

Baada ya vita vya ndugu ukaja utawala wa Wajerumani, na pamoja nao askari wa aina mpya. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliletewa jeshi la kupigana na Abushiri na watu wa pwani. Sehemu kubwa ya jeshi hilo walikuwa Wasudani wapatao 600 walioandikwa Misri, na wengi wao walikuja na wake na watoto. Tunawaomba walimu wawatazamishe wanafunzi picha hii: wanawake wanateremka kutoka merikebuni na watoto migongoni, katika nchi ambayo hawana mjomba, hawana shamba, hawaijui lugha. Hawa hawakuwa na kwao hapa. Nyumba yao ilikuwa kando ya boma, katika kijiji cha askari, na ufunguo wa nyumba hiyo ulikuwa jina la mume katika daftari la kombania.

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, unasimulia vita hivyo kutoka upande wa watu wa pwani. Ni utungo mkubwa, na ujasiri wa mtunzi aliyeandika dhidi ya waliokuwa wakitawala hauhitaji kutetewa na sisi. Lakini uzito wake uko katika mashauri ya wakuu, mizinga na mapigano. Kanuni ya utenzi wa vita tangu zamani ni kumfuata anayekwenda vitani. Hakuna anayeweza kumlaumu mtunzi kwa kuifuata kanuni ya sanaa yake. Twaweza tu kusema kwamba kanuni hiyo humwacha mtu mmoja nyuma ya mlango, na kwamba mwalimu hana budi kumtaja.

Miaka ilivyopita, wenyeji wa sehemu mbalimbali za nchi waliandikwa uaskari, na kijiji cha askari kikawa sehemu ya kila boma. Baadhi ya wanawake walioishi humo walikuwa mateka wa vita, au watu waliowahi kuwa watumwa, ambao kwao mlango wa askari ulikuwa afadhali kuliko njia ya pwani. Ni lazima tulikubali jambo hili gumu. Nyumba iliyokuwa ngome ya mkoloni kwa majirani ilikuwa ndiyo kimbilio la mama mwenye watoto asiye na kwao. Mwandishi anayetaka kumchora mwanamke huyu asimfanye msaliti, wala asimfanye mwathirika asiye na akili. Alikuwa mama aliyehesabu milango iliyobaki wazi, akaingia katika ule uliokuwapo.

Udhaifu wa mlango huo ulionekana mwaka 1914. Wakati vita vilipoanza, jeshi la Wajerumani katika nchi hii lilikuwa na askari wapatao 2,500, na liliongezwa mara kadhaa. Waingereza walishindwa Tanga mwezi wa Novemba mwaka huo, lakini katikati ya mwaka 1916 waliiteka reli ya Usambara na Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Jeshi la Lettow-Vorbeck likarudi nyuma kuelekea kusini. Mke wa askari akawa na njia mbili. Aweza kubaki katika boma ambalo sasa lina bwana mwingine asiye na jina la mumewe katika daftari lake. Au aweza kujitwika mtoto na sufuria akaufuata msafara. Wengi walifuata. Walitembea kutoka nchi hii hadi Msumbiji na kurudi hadi Rhodesia ya Kaskazini, na Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, nyuma ya askari wapatao 1,100 na zaidi walikuwapo wapagazi, wanawake na watoto. Kwa zaidi ya miaka miwili nyumba ya wanawake hao ilikuwa mahali msafara ulipolala. Watoto walizaliwa njiani. Vitabu vingi vya wageni vinausifu mwendo huo kama hila ya kivita. Sisi twapenda kuusoma pia kama habari ya akina mama waliokosa paa.

Mfano ulio wazi wa yaliyofuata baada ya uaskari uko kwa jirani zetu, jijini Nairobi. Askari Wasudani waliotumikia Waingereza katika jeshi la King's African Rifles waliwekwa na jamaa zao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo hilo la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Wanubi, kama walivyoitwa, walijenga, wakalima, wakazika. Lakini serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba wao ni wakaaji kwa hisani yake, na kwamba ardhi si mali yao. Askari alikufa, mjane na watoto walibaki na kibali ambacho hakikuwa hati. Madai yao yaliendelea vizazi kwa vizazi, baada ya uhuru wa Kenya pia, hadi mwaka 2017 walipopewa hati ya ekari 288 kwa jina la jumuiya yao. Karibu karne moja ilipita kati ya paa la askari na hati ya wajukuu. Hii ndiyo nyumba ya kazi ikitazamwa kutoka mwisho wake.

Je, fasihi ya karibuni imemwona mama huyu? Tutaje kazi mbili. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, pazia halifunguki kwenye uwanja wa vita. Linafunguka kwa Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wanaozungumza juu ya njaa na juu ya wanaume wanaosakwa kwa kazi ya shamba la Mjerumani. Kitunda, ambaye baadaye atawaongoza wapiganaji, anaonyeshwa kwanza kama baba asiyeweza kumlinda binti yake dhidi ya msimamizi. Hussein ametambua kwamba vita vya Maji Maji vilianzia jikoni, pale chungu kilipokuwa kitupu. Hiyo ni sifa kubwa ya kazi hii. Hata hivyo, wanawake wake wanaitwa kwa majina ya waume zao, na vita vinapokolea wao wanafifia. Mtazamaji anatoka akijua yaliyompata Kinjeketile; mahali watoto walipolala haambiwi.

Kazi ya pili ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives, iliyoandikwa kwa Kiingereza mwaka 2020. Ilyas anajiandikisha kwa hiari kuwa askari wa Wajerumani, akimwacha ndugu yake mdogo wa kike, Afiya. Msichana anarudishwa kijijini kwa watu waliokuwa wakimlea, na huko anapigwa hadi kuvunjwa mkono kwa kosa la kujua kuandika. Anaokolewa na Khalifa, rafiki wa kaka yake, anayemfungulia mlango mjini. Baadaye anakuja Hamza, askari aliyetoka vitani na jeraha, ambaye naye anaomba tu mahali pa kulaza ubavu. Wawili hao wanaoana. Kwa maoni yetu nguvu ya riwaya hii iko hapa: inavipima vita kwa vyumba. Swali la nani amefungua mlango, nani amefunga, na nani analala uani, lina uzito sawa na la nani ameshinda. Gurnah ameandika kuhusu dada na mke wa askari kile ambacho Abdallah bin Hemedi alikiona akakipita haraka.

Tukizilinganisha kazi hizi twafikia hukumu ifuatayo. Masimulizi ya kale ya Usambara yalimwona mama kwa sababu bila nyumba yake hapakuwa na mrithi. Maandishi mengi ya vita vya kikoloni hayakumwona, kwa sababu katika jeshi jipya nyumba haikuwa yake, na asiye na nyumba hana mahali pa kusimama katika hadithi. Tatizo la kisanaa lilizaliwa na tatizo la kijamii. Kwa hiyo haitoshi kuwaambia waandishi wetu waongeze wahusika wa kike katika vitabu vya vita. Wanapaswa kuonyesha ni haki gani mhusika huyo alikuwa nayo juu ya mlango anaouingia, na nani aweza kumtoa.

Sheria za nchi zimepiga hatua katika jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi. Utekelezaji ni jambo jingine, na wanafunzi wengi wanazo habari za mjane aliyetolewa nyumbani na shemeji zake kabla ya arobaini. Ndiyo sababu tunasema swali letu si la makumbusho.

Kwa walimu, tunapendekeza zoezi moja. Darasa linaposoma utungo wowote wa vita, wanafunzi waandike majina ya nyumba zote zinazotajwa: ya nani, imejengwa na nani, na baada ya mapigano inabaki na nani. Pale utungo unaponyamaza, waandike kwamba umenyamaza. Wale walioko Lushoto, Bumbuli, Muheza na Korogwe waende mbali zaidi, wakawaulize bibi zao hadithi za nyumba walizozaliwa, ziwe za msonge au za kambi ya chai kama zile za Bulwa. Watu waliokumbuka vita vya 1914 wameshatangulia mbele ya haki, lakini mabinti na wajukuu zao bado wanajua ni nani aliyemfungulia mama yao mlango, na ni nani aliyemwambia hakuna nafasi. Habari hizo zikiandikwa kwa Kiswahili na vijana wenyewe, Habari za Wakilindi zitapata sehemu yake inayokosekana.